Zege na Chuma Kilichomo Ndani Yake: Mazungumzo na Wajenzi wa Nyumba, Buhigwe



Tumeombwa kuzungumza juu ya saruji, nasi tutaanza na nondo, kwa kuwa zege lililotengenezwa vema halichakai upesi. Mwaka 1910, Profesa Withey wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alianza kuweka vipande vya zege nje, penye mvua na theluji, ili vipimwe kidogo kidogo kwa miaka 50. Vile vya kwanza viliendelea kuongezeka nguvu muda wote huo. Vya mwaka 1937, vya saruji iliyosagwa laini zaidi, vilifika kilele baada ya miaka kati ya 10 na 25, kisha vikapungua kidogo.

Adui, basi, ni kutu. Zege jipya lina ukali wa alikali, kama maji ya majivu, na katika hali hiyo chuma hakishiki kutu. Lakini hewaukaa hupenya polepole na kuumaliza ukali huo. Kasi yake hupungua kadiri inavyozama: ikiingia milimita 10 kwa miaka 10, itafika milimita 20 mwaka wa 40. Maana yake ni kwamba ukipunguza kwa nusu unene wa zege linalofunika nondo, umebakiwa na robo tu ya muda wa kinga. Nondo ikishika kutu huvimba, zege hupasuka, na wewe uliyeuza kahawa misimu kadhaa ili upate mkanda na nguzo huna njia rahisi ya kurekebisha.

Huku kwetu hakuna chumvi ya bahari inayowasumbua wenzetu wa Unguja na Dar es Salaam. Hata Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Hata hivyo, kiangazi hewa hupenya zege kavu, na masika huleta unyevu unaolisha kutu. Kwa hiyo usikubali nondo zilazwe juu ya mbao za fomu. Ziinuliwe kwa vijiwe vya zege, ambavyo mafundi huviita biskuti; ni kazi ya asubuhi moja.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo tunapoona makosa mengi. Fundi huongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi. Maji hayo ya ziada hukauka na kuacha vitundu, navyo ndivyo njia ya hewa. Kisha zege likishaganda, maji yaliyokuwa mengi mno hayaonekani tena! Hulala juani bila kunyweshwa, ilhali lahitaji unyevu kwa siku zisizopungua saba.

Tunafahamu kwamba maji hupandishwa kutoka mabondeni kwa ndoo kichwani. Lifunike kwa magunia au majani ya migomba yaliyoloweshwa. Ndoo chache asubuhi na jioni zitatosha. Fundi akisema siku mbili zinatosha, mwombe tu asiyaondoe magunia. Kuyalowesha utafanya mwenyewe.