Kumwuguza Mwenzi Mwenye Figo Mpya

Ninyi mlio darasani na mwalimu wenu, fungueni daftari, kaeni tayari. Leo tutazungumza juu ya mume au mke aliyeshikwa na ugonjwa mkubwa wa figo, na kazi inayomngoja mwenzake. Nawaambia mapema ya kwamba nusu ya kazi hiyo ni ya kalamu. Ndiyo sababu nimeileta katika kisomo.

Kila mtu ana figo mbili. Ziko upande wa mgongo, chini ya mbavu, na kila moja ni kadiri ya ngumi. Huchuja damu usiku na mchana, na uchafu hutoka kwa njia ya mkojo. Zikishindwa kazi zote mbili, uchafu na maji hubaki mwilini. Miguu huvimba, pumzi hubana. Hapo mgonjwa husafishwa damu kwa mashine hospitalini, mara nyingi siku tatu kwa juma, saa nne kila mara.

Katika siku hizo mwenzi ndiye bawabu wa maji. Daktari atawatajia kipimo cha kunywa kwa siku nzima, na kipimo hicho ni kidogo. Fanya hivi. Asubuhi jaza chupa maji kadiri ya kipimo hicho. Akinywa kikombe cha chai, au uji, au maji, mimina kikombe kimoja kutoka katika chupa. Chupa ikiwa tupu, ya leo yamekwisha. Chupa haigombani na mtu, nanyi hamtagombana.

Tena kuna wageni. Desturi yetu ni kumletea mgonjwa machungwa, ndizi na madafu. Kwa mtu huyu zawadi hizo ni hatari, kwa sababu zina madini ya potasiamu, na yakizidi katika damu yaweza kusimamisha moyo. Pokea kwa shukrani, kisha wape watoto. Viazi na ndizi za kupika zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, na maji yale yamwagwe.

Sasa tuje kwenye kupandikiza. Mwaka 1954, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakampa Richard, pacha wake. Richard aliishi miaka minane zaidi, akamwoa muuguzi aliyemtunza. Pacha wale walifanana kabisa, kwa hiyo mwili haukuikataa figo. Kwa watu wengine dawa zinahitajika. Kwetu Tanzania upandikizaji wa kwanza ulifanywa Muhimbili mwaka 2017, na mwaka uliofuata ukafanywa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Je, mke aweza kumpa mumewe figo, au mume kumpa mkewe? Kwa upande wa mwili yawezekana, ingawa si ndugu wa damu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha ya kwamba figo za wanandoa zilifanya kazi vizuri kama zile zilizotoka kwa wazazi. Mtoaji hupimwa sana kwanza, na mwenye afya njema huishi vizuri kwa figo moja. Lakini asisukumwe na mtu. Mimi nasema wazi: mke anayeogopa kutoa figo hajaacha kumpenda mumewe, na wakwe wasimtazame kwa jicho baya. Amweleze daktari faraghani, naye atamsaidia.

Figo mpya hupandikizwa tumboni, upande wa chini, na zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Hapa mambo hugeuka. Wewe uliyekuwa ukimnyima maji, sasa mara nyingi utaambiwa umhimize anywe mengi! Wengi huona taabu kuacha mazoea ya zamani. Fuata maneno mapya ya daktari.

Jambo kubwa ni dawa. Mwili huiona figo ile kama mgeni aliyeingia bila hodi, nao hutaka kumtoa. Dawa huuzuia, na humezwa kila siku, wakati wote figo hiyo ikiwa kazini. Hatari haiji wakati mgonjwa ana maumivu. Huja baada ya mwaka mmoja au miwili, amenona, analima, anacheka, naye aseme, "Nimepona, dawa za nini?" Figo yaweza kuanza kukataliwa bila dalili yoyote, na kipimo cha damu tu ndicho kinachoonyesha. Kwa hiyo msikose kliniki. Agizeni dawa mpya wakati za zamani zingaliko. Msichanganye na miti shamba, na balungi asile kabisa, maana hubadili nguvu za dawa hizo. Mkitaka mtoto, mwulizeni daktari kabla ya mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa hudhuru mtoto tumboni.

Dawa hizo pia hupunguza nguvu za mwili za kupigana na vijidudu. Homa, mkojo kupungua, miguu kuvimba, au maumivu juu ya figo: nendeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Basi, daftari. Kila siku andika tarehe, uzito, joto la mwili, na saa ya kumeza dawa. Siku ya kliniki ulizeni kama dawa ya asubuhi imezwe baada ya kutolewa damu. Nyingine hutakiwa hivyo. Akipata nguvu, mpe kalamu aandike mwenyewe. Sipendi kumwona mtu mzima akiulizwa mbele ya wageni, "Umemeza?" kama mtoto wa chekechea. Nawe mwuguzaji ulale. Shemeji au binti ashike zamu siku mbili kwa juma. Daftari litamwambia la kufanya.

Sasa zoezi. Chora safu nne kama nilivyosema. Mgonjwa amemeza dawa saa 1.30 asubuhi, naye anatakiwa kumeza tena baada ya saa 12. Andika saa ya dawa ya pili, kwa tarakimu na kwa maneno, kisha mwonyeshe mwalimu wako.