KAMERA YA KARANI ASAFIRIYE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo tu, yaani kupiga picha safarini. Sisi tusemao si wapiga picha wa kazi. Tu makarani, na riziki yetu yatoka mezani. Walakini kazi hiyo hiyo hutusafirisha: leo twahamishwa, kesho twaenda likizo, keshokutwa twatumwa kukagua hesabu wilayani. Kwa sababu hiyo wengi wetu wamekwisha kununua kamera, na wengine wataka kununua. Swali tuulizwalo kila mara ni hili: mtu wa mshahara anunue vyombo gani?

Jibu letu ni fupi, na hotuba yote ni maelezo yake. Anunue vichache, ambavyo aweza kuvichukua siku nzima bila kuchoka. Kisha jitihada yake iliyobaki aitie katika mambo matatu yasiyouzwa dukani: kuujua mwanga, kuomba ruhusa, na kuandika majina.

Tuanze na uzito. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji akuonyeshaye kamera kubwa yenye lenzi tatu, flashi na stendi ya miguu mitatu huona mzigo huo kuwa mwepesi, maana hauchukui yeye. Utauchukua wewe kutoka Dar es Salaam hata Kigoma, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kwa reli ya kati, katika behewa lililojaa watu, pamoja na sanduku la nguo na zawadi za wazee. Katika safari hiyo tulifanya jaribio. Wenzetu wawili walichukua mkoba uliokamilika. Wawili wengine walichukua kamera ndogo moja yenye lenzi moja ya milimita 35. Tulipofika Tabora, mkoba ulikuwa umefungwa chini ya kiti, na wenyewe wakipiga picha kwa simu. Kamera ndogo zilikuwa shingoni tangu Morogoro.

Wala hii si habari mpya. Huko Ujerumani, katika mji wa Wetzlar, palikuwa na fundi aitwaye Oskar Barnack. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera nzito za siku zile, pamoja na vioo vyake, zilimwelemea kila alipotembea nazo. Katika miaka ya 1913 na 1914 akaunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35. Mwaka 1925 ikatolewa kuuzwa kwa jina la Leica, na tangu hapo wasafiri wengi wakaachana na masanduku.

Kadhalika tusidhani ya kuwa chombo cha bei kubwa ndicho kimfanyacho mtu kuwa hodari. Mwaka 1900 ilianza kuuzwa Marekani kamera ya sanduku iitwayo Brownie, bei yake dola moja. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuishi Dar es Salaam katika ujana wake, baba yake akiwa mtumishi wa reli, alianza na Brownie iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Mwaka 1984 picha alizozipiga za njaa ya Uhabeshi ziliuamsha ulimwengu mzima.

Basi shauri letu ni hili. Mwenye simu nzuri asinunue kitu kwanza. Ajifunze nayo mwaka mmoja. Atakaye kamera anunue ya mtumba iliyo nzima, na lenzi moja ya milimita 35 au 50 yenye tundu pana, ipate kuona ndani ya nyumba pasipo flashi. Kabla ya kulipa aielekeze lenzi kwenye mwanga na kutazama ndani. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda sana hewa ya pwani. Nyumbani asiifungie kamera ndani ya mfuko wa ngozi kabatini, bali aiweke mahali pakavu penye hewa. Aongeze betri ya pili, na kadi mbili ndogo za kuhifadhia picha badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika safari yote isipotee. Zaidi ya hayo asikope. Mkopo wa lenzi hulipwa na karo ya watoto.

Sasa mwanga. Kamera haioni kama jicho lionavyo. Ndani yake mna kipimo, na kipimo hicho hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya rangi ya kijivu. Msimamishe mzee mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kipimo huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa mzee hutoka kama kaa la mkaa. Kosa si la uso, ni la kipimo. Dawa yake ni kuitafuta ile alama ya kuongeza na kutoa, ukaongeza daraja moja. Au umhamishe mzee, asimame mbele ya mlango wenye giza.

Yafaa tukumbuke jambo moja hapa. Katika karne iliyopita, kwa miaka mingi, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, nazo ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yetu haikuwamo katika kipimo kile. Kwa hiyo yeyote katika sisi apigaye picha nduguze hana budi kuiamuru kamera, wala asiamriwe nayo.

Jua la utosini nalo ni adui. Huyageuza macho ya watu kuwa mashimo mawili. Mtake radhi mwenyeji wako, mhamie barazani au chini ya mwembe, lakini katika kivuli kizima, si kile chenye madoa ya jua. Wakati mwema wa kupiga picha nje ni tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa tatu, na tena baada ya saa kumi alasiri. Ukipiga dirishani na gari laenda, weka muda usiozidi sehemu moja ya 500 ya sekunde, wala usiegemeze mkono dirishani, maana mtikisiko wa behewa hupita mkononi ukaingia pichani. Na ukipiga watoto, chuchumaa hata macho yako yalingane na yao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo la pili ni ruhusa. Sokoni Ujiji mama mmoja muuza dagaa alipoiona lenzi alijifunika uso kwa kanga. Mwenzetu akaishusha kamera, akamwamkia shikamoo, akanunua dagaa, akaketi kuzungumza. Baada ya nusu saa mama mwenyewe akasema, "Haya, mwanangu, sasa piga, lakini na mjukuu wangu awemo." Tungalimpiga kwa kuvizia, tungalipata kanga tu. Uso wa mtu ni mali yake, nasi twaazima. Kwa habari ya kambi za jeshi, bandari, madaraja na vituo vya polisi, mtumishi wa serikali aulize kabla ya kuitoa kamera mfukoni, maana hawezi kusema kwamba hakujua.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni letu sisi makarani hasa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makumbusho ya Ulaya zimo picha nyingi sana za watu wetu zilizopigwa zama za ukoloni. Mara nyingi jina la aliyepiga limeandikwa. La aliyepigwa halimo. Imeandikwa "mpagazi", au "mwanamke wa kienyeji", basi. Yule mwanamke alikuwa na jina, na wajukuu wake huenda wangali hai, wala hawajui ya kuwa bibi yao yumo sandukuni.

Wala msidhani msiba huu huwapata waliopigwa peke yao. Huko Bamako, katika nchi ya Mali, alikuwako seremala kijana aitwaye Seydou Keïta. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi safari ya Senegal, akamletea Brownie. Kwa chombo hicho alianza, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Alipiga zaidi kwa mwanga wa jua uani, na kwa kuokoa gharama mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa katika maonyesho huko New York, zikaandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Naye alikuwa hai Bamako! Ikabidi mtu afunge safari kwenda kumtafuta. Jina lilipopatikana, ulimwengu ukamheshimu. Lakini wangapi hawakutafutwa?

Basi kila jioni safarini, kabla ya kulala, fungua daftari. Andika tarehe, mahali, jina la aliyepigwa kama aliandikavyo mwenyewe, jina la baba yake, na jina lako wewe uliyepiga. Picha ukiisha kuzihamisha, ziweke mahali pawili palipo mbalimbali. Zile zilizo bora zichapishe karatasini, na nyuma yake uandike kwa penseli laini, maana kalamu ngumu huchubua na wino hupenya. Nakala ya kwanza mpelekee mwenye uso. Ahadi ya picha isiyotimizwa huwafungia milango wote watakaokuja nyuma yako.

Kwa hayo twaleta pendekezo mbele ya mkutano. Kila mwanachama aendaye likizo mwaka huu awapige picha wazee kumi wa kwao, kwa ridhaa yao, kwa kamera yoyote aliyo nayo, hata ikiwa ni simu. Arudi na majina kamili, na nakala moja ya kila picha itiwe katika jalada la Chama, mzee mwenyewe akikubali. Wanachama mia wakifanya hivyo, tutakuwa na nyuso elfu moja zenye majina. Wazee hawatungoji hata tupate fedha za lenzi kubwa.