Aliyeacha Chuo Naye Anadaiwa
Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye harambee ya mwaka ya wana-Kimandolu



Kila mwaka Kamati ya Elimu ikisimama hapa husoma majina ya waliopata chuo, na akina mama hupiga vigelegele. Majina ya mwaka huu tunayo, tutayasoma baadaye kidogo. Tunaomba kwanza tuseme habari za wale ambao majina yao tuliyasoma hapa hapa, kisha wakarudi nyumbani bila kumaliza. Hatujawahi kuwazungumzia. Sisi tunaona aibu, wao wanaona aibu zaidi, hata mkutanoni hawaji.

Yupo mdogo wetu mmoja, jina lake tunalihifadhi. Tulimchangia nauli, godoro na ndoo. Mama yake, ambaye huuza ndizi soko la Tengeru, alisaini fomu ya mkopo kama mdhamini, na serikali ya mtaa ikagonga muhuri. Mwaka wa pili baba akaugua. Kijana akapanda basi katikati ya muhula akarudi kumuuguza. Hakuandika barua chuoni, hakumuaga mtu. Baba alipofariki, akabaki kwenye bodaboda huku barabara ya Moshi. Sisi sote, wasomi na wasiosoma, tuliamini kwamba mkopo wake umekufa. Tulikuwa tunasema, digrii hana, watamdai nini?

Miaka minne baadaye akapata ajira. Mshahara wa kwanza ulikuja kamili, tukafurahi naye. Uliofuata ukaja umekatwa, naye akadhani mhasibu amekosea. Mhasibu hakukosea.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hudai fedha iliyotoka. Haiulizi cheti. Ada iliyolipwa chuoni kwa niaba ya mwanafunzi, boom aliyopokea mkononi, fedha za vitabu, vyote vilivyotoka hadi siku aliyoondoka ni deni lake. Aliyehitimu, aliyeacha mwenyewe na aliyedisco wako kwenye daftari moja. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye 600,000 hukatwa 90,000 kila mwezi. Aliyejiajiri anatakiwa kwenda kulipa mwenyewe, wala asingoje kutafutwa. Zamani kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na faini ya asilimia 10 kwa aliyechelewa. Vyote viwili viliondolewa mwaka 2021, na tunashukuru, maana madeni yalikuwa yanavimba kama ng'ombe aliyekula majani yenye umande.

Lakini kilichomuumiza zaidi kijana huyu si makato. Alitaka kurudi chuo. Akaambiwa kwamba aliyeacha masomo akitaka kuomba mkopo upya, sharti awe amerejesha angalau asilimia 25 ya ule wa kwanza. Tuseme alikuwa amekopeshwa milioni 5: ni 1,250,000 kabla hata ya kugusa fomu mpya. Mwenye bodaboda ya mkataba ataitoa wapi?

Na haya yangeweza kuepukwa kwa barua moja. Mwanafunzi aliyefiwa, anayeugua au anayeuguza anaweza kuomba chuo kimruhusu kuahirisha masomo, chuo kikaijulisha Bodi, naye akarudi mwaka unaofuata na mkopo wake ukaendelea. Mdogo wetu hakujua. Sisi tuliomchangia godoro hatukumwambia, na ukweli ni kwamba hata sisi hatukujua.

Tena jambo hili linakua. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani nao wanakopeshwa, kwa hiyo wanaosaini sasa ni watoto wadogo zaidi, na wadhamini ni hawa hawa mama zetu wa sokoni.

Kwa hiyo mwaka huu Kamati inaomba mambo mawili katika michango yenu. Kwanza, sehemu ya mfuko isitumike yote Oktoba kwa wanaoanza. Ibaki akiba ya dharura, ili mtoto akipata msiba katikati ya mwaka tumtumie nauli ya kuja kuzika na ya kurudi chuoni, au tumtafutie mtu wa kumuuguza mzazi wake. Pili, tuwasaidie walioacha kufikisha ile asilimia 25. Tutawakopesha, hatutawapa bure, nao watarejesha kwenye mfuko kidogo kidogo.

Mzazi ambaye mtoto wake alirudi, tafadhali usipite kimya. Njoo na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, mmoja wetu atakusindikiza ofisi ya Bodi hapa Arusha mjini mkaulize deni ni kiasi gani. Wengine mtakuta ni dogo kuliko mlivyoogopa, hasa kwa aliyeondoka mapema.

Mdogo wetu yupo leo. Amekaa nyuma kule, karibu na majiko, na ametangulia kuchangia 20,000. Mweka hazina ameshaiandika. Sasa tusome majina ya mwaka huu.