Mtoto wa Mtaani na Kiumbe wa Kutunza



Tupitapo Kariakoo alfajiri, maduka yakiwa bado yamefungwa, tunawakuta watoto wamelala barazani juu ya maboksi. Pengine mmoja wao amemkumbatia mbwa koko, naye humgawia mkate ambao mwenyewe hautoshi. Sisi huwapita wote wawili kwa haraka. Mtoto tunayemwita mwizi anaye kiumbe mmoja anayemwamini.

Wataalamu wamelitambua jambo hili siku nyingi. Huko Marekani, shamba la Green Chimneys, lililoanzishwa mwaka 1947 katika jimbo la New York, hulea watoto waliojeruhiwa moyoni pamoja na mifugo. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Boris Levinson aliandika jinsi mbwa wake alivyomsaidia kuwafikia watoto waliojitenga na watu. Sababu yake ni nyepesi: mnyama haulizi mtoto ametoka wapi wala aliiba nini. Ataka chakula, maji na mkono mpole, kila siku. Kwa kumtunza, mtoto hujifunza kwamba naye aweza kutegemewa.

Hapa Dar es Salaam, Kituo cha Dogodogo kilianzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, ili kuwapokea watoto wa mitaani. Malazi, shule na ufundi ndiyo msingi. Kuku au mbuzi hachukui nafasi ya haki: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja chakula, malazi, matibabu na elimu.

Hata hivyo, parokia yenye ua yaweza kuanza na banda dogo, kwa masharti. Kuku na mayai yawe mali ya mtoto. Asigeuzwe kibarua wetu. Wasimamizi wawe watu wazima wawili waaminifu. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa. Na tusianze tusichoweza kuendeleza, kwani mtoto akinyang'anywa kiumbe aliyemzoea, ametupwa mara ya pili.

Wengine watasema, "Watawachinja na kuwala." Huenda. Lakini mtoto mwenye njaa akimla kuku wake, kosa la kwanza ni letu, tuliompa kuku kabla ya kumpa ugali.

Basi, katika jumuiya zetu ndogondogo wiki hii, tuulizane: mtoto yule wa barazani anaitwa nani? Asiyejua jina lake, aanzie hapo.