Timu Inapofungwa Mfululizo: Kocha Mkuu Abaki au Aondoke?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wa klabu na makocha wa mpira wa kikapu



Kamati ya maandalizi iliniomba nianze na maana ya maneno, nami nitatii kwa ufupi. Kocha mkuu ndiye mwenye dhamana ya mazoezi, upangaji wa kikosi na maamuzi ya benchi wakati wa mchezo. Uongozi ni mwenyekiti, kamati ya utendaji na, pale alipo, mfadhili. Timu inayoyumba ni ile inayopoteza michezo mingi kuliko uwezo wa kikosi chake, kwa muda usiopungua nusu msimu. Nasisitiza nusu msimu, kwa sababu michezo mitatu haipimi chochote.

Niseme mapema kwamba mada hii haimlengi kocha wala klabu yoyote ya ligi zetu. Mfano wangu mkuu nimeutoa Marekani, ambako takwimu na mishahara iko hadharani na mtu anaweza kujadili bila kumvunjia mwenzake heshima.

Detroit: makocha watatu katika misimu mitatu

Msimu wa 2022/23, Detroit Pistons chini ya Dwane Casey ilishinda michezo 17 na kupoteza 65. Casey akaondoka kwenye benchi na kupewa kazi katika uongozi. Juni 2023 akaajiriwa Monty Williams kwa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78.5. Hakuwa mtu wa kubahatisha: mwaka 2021 aliifikisha Phoenix Suns fainali, na mwaka 2022 alikuwa Kocha Bora wa NBA. Detroit ikashinda miwili kati ya michezo yake mitatu ya kwanza, kisha ikafungwa 28 mfululizo, hadi ilipoifunga Toronto Raptors 129 kwa 127 tarehe 30 Desemba 2023. Ilimaliza msimu na ushindi 14 tu. Juni 2024 Williams akaondolewa, klabu ikabaki na deni la zaidi ya dola milioni 65 kwa mtu asiyefundisha tena. Akaja J.B. Bickerstaff, na msimu wa 2024/25 timu ikashinda 44, ikapoteza 38, ikaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2019.

Ukisoma haraka utasema tatizo lilikuwa Williams. Lakini tazama nini kingine kilibadilika. Klabu ilimwondoa pia meneja mkuu, Troy Weaver, ikamleta Trajan Langdon. Wakasajiliwa Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, timu iliyokuwa na njaa ya walengaji ikawapata. Beasley peke yake alifunga mitupo 319 ya pointi tatu. Cade Cunningham, nyota wao, aliyekuwa amecheza michezo 12 tu msimu wa mwisho wa Casey, akakomaa na kuchaguliwa kwenye mchezo wa nyota. Yaani mwaka 2023, walipobadilisha kocha huku kikosi kikibaki karibu kilekile, ushindi ulishuka kutoka 17 hadi 14. Mwaka 2024, walipobadilisha kocha, meneja mkuu na wachezaji kwa pamoja, ulipanda hadi 44.

Hilo halimsafishi Williams. Mwanzoni mwa msimu alimweka nje Jaden Ivey, kijana mwenye kasi na kipaji, akampa nafasi Killian Hayes, ambaye klabu ilimwacha Februari 2024. Uamuzi ule ulikuwa wake, na ni haki aulizwe. Lakini ukosefu wa walengaji haukuwa wake. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo: kabla ya kuuliza kama kocha aondoke, tuulize ni kipi kati ya vilivyoharibika kilikuwa mikononi mwake.

Wapo watakaotaja San Antonio Spurs kama ushahidi kwamba kubadilisha kocha huleta mafanikio. Desemba 1996 Gregg Popovich, akiwa meneja mkuu, alimwondoa Bob Hill baada ya ushindi 3 na vipigo 15, akashika benchi mwenyewe. Tunalosahau ni kwamba msimu ule timu ilishinda michezo 20 tu, kwa sababu David Robinson alikuwa majeruhi karibu msimu mzima. Kilichoigeuza ni Robinson kurudi na Tim Duncan kuchaguliwa mwaka 1997. Msimu uliofanyika 1999 ulipoanza kwa ushindi 6 na vipigo 8, kelele za kumwondoa Popovich zilikuwa kubwa. Uongozi ukavumilia, na ubingwa wa kwanza wa klabu ukaja msimu uleule.

Kwenye soka, mwanauchumi Bas ter Weel alichunguza ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizomfukuza kocha na zile zilizoporomoka vilevile lakini zikamwacha. Zote ziliinuka kwa kiwango kinachokaribiana. Sababu inaeleweka: kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa mara nyingi hupanda hata asipoguswa.

Tatizo lenyewe kwetu: mamlaka yasiyoandikwa

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelipigania kwa miaka mingi, katika vikao, kwa barua na kwa maneno ya ana kwa ana. Nawaomba mnivumilie nikilirefusha.

Makocha wetu wengi hawana mkataba. Wanayo makubaliano ya mdomo, posho ya nauli, na ahadi. Hakuna karatasi inayosema nani anasajili, nani anapanga kikosi, nani anaamua siku za mazoezi, na timu inatarajiwa kufika wapi. Kwa hiyo timu inapofungwa, kila mtu ana kipimo chake. Mwenyekiti alitaka ubingwa. Mfadhili alitaka kuifunga timu fulani tu. Kocha alidhani amepewa msimu mmoja wa kujenga vijana. Wote watatu wana haki, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Katika klabu moja niliyowahi kuifundisha, wachezaji wawili wa kigeni walisajiliwa na uongozi bila mimi kuulizwa. Nilikutana nao asubuhi ya siku ya mchezo, uwanjani, wakiwa bado na mabegi. Wote walicheza nafasi ya senta, nafasi ambayo tulikuwa nayo ya kutosha; tulichokosa ni mchezesha timu. Kiongozi akaagiza waanze. Tulipofungwa, na tukafungwa tena, taarifa ya kuniondoa ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la klabu kabla mimi sijaambiwa. Sisimulii haya kwa uchungu wa nafsi yangu. Nimeyasikia, yakiwa na sura hiyohiyo, kwa makocha wa mikoa mbalimbali, wanaume kwa wanawake, na kila mara swali lililoulizwa lilikuwa kama kocha anafaa, halikuwa nani aliyesajili.

Liko la pili, ambalo kwangu ni baya zaidi. Kocha anapoondoka, kila kitu kinaondoka naye. Daftari la mazoezi ni lake. Video za michezo ziko kwenye simu yake. Nani ana goti bovu, nani alikuwa anarekebishwa mtupo wake, nani hatakiwi kupangwa pamoja na nani: yote yako kichwani mwake. Anayemrithi anaanza sifuri, anawapima upya wachezaji walewale, na robo ya msimu inaisha akiwa bado anajifunza majina. Kisha naye anaambiwa hafai. Klabu ya namna hii haiwezi kujua kama kocha mpya ni bora kuliko wa zamani, maana haina hata karatasi moja ya kulinganisha.

Tungeweza kulinganisha. Dean Oliver alionyesha kwamba mchezo wa kikapu huamuliwa na mambo manne: ulengaji, kupoteza mpira, ribaundi na mitupo huru. Karatasi ya mwamuzi wa meza haitoshi kwa yote, lakini kijana mmoja mwenye kalamu na daftari anaweza kuyahesabu kwa dakika 40 za mchezo. Na mambo haya hayalingani. Ulengaji hutegemea sana nani amesajiliwa, na kuurekebisha huchukua miaka. Kupoteza mpira, kuziba wapinzani wasipate ribaundi na kupunguza faulo za kizembe ni kazi ya mazoezi. Kocha mzuri huonyesha mabadiliko ndani ya miezi miwili. Timu inayofungwa huku inapunguza kupoteza mpira, kocha wake anafanya kazi. Timu inayofungwa huku mambo ya mazoezi yakizidi kuharibika, na wachezaji wamekwisha kuacha kumsikiliza kocha, huyo aondolewe, na sitamtetea.

Mapendekezo

Kocha mkuu asianze kazi bila mkataba ulioandikwa, hata wa kurasa mbili, hata kama malipo ni posho tu.

Mkataba utaje nani anasajili. Kama ni uongozi, kocha awe na haki ya kutoa maoni yake kwa maandishi kabla ya usajili, na maoni hayo yahifadhiwe.

Upangaji wa kikosi uwe wa kocha. Mfadhili mwenye maoni ayapeleke kwa mwenyekiti, siyo benchini wakati wa mchezo.

Lengo la msimu liandikwe kabla ya mchezo wa kwanza.

Tathmini ifanyike katikati ya msimu na mwishoni, kwa takwimu za mambo manne niliyoyataja. Kusiwe na uamuzi wa kumwondoa kocha ndani ya siku saba baada ya kipigo, isipokuwa kwa kosa la maadili. Unyanyasaji wa wachezaji, hasa wasichana na watoto, hausubiri tathmini yoyote.

Daftari la mazoezi, video na kumbukumbu za majeraha ziwe mali ya klabu, nakala ikabidhiwe kwa katibu kila mwezi. Hili ningeomba lisomwe mara mbili.

Kocha anayeondolewa aitwe, aelezwe sababu ana kwa ana, alipwe anachodai, na akabidhi kazi kwa anayemrithi. Kocha msaidizi abaki angalau hadi mwisho wa msimu.

Narudia la usajili: anayechagua wachezaji ahojiwe katika kikao kilekile anachohojiwa kocha.

Vyama vya mikoa visipokee fomu ya usajili wa timu isiyoambatana na nakala ya mkataba wa kocha. Najua baadhi ya viongozi wataona hili ni gumu kwa klabu changa, na sipingi kwamba lianze na ligi ya juu peke yake kwa msimu mmoja. Rasimu ya mkataba nimeikabidhi kwa katibu wa semina. Kila klabu inaweza kuchukua nakala yake mezani leo, ikaijaza na kocha wake kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.