Sindano ya Kila Wiki Nne
(Maneno tuliyowaambia wazazi huko Manyatta)



Reli ilipita Sagana na Karatina kwenda Nanyuki, Embu ikaachwa. Kwa hiyo wengi wetu twafanya kazi mbali, na mtoto akiugua mama yu peke yake.

Leo twasema habari ya homa ya baridi yabisi ya watoto. Si ile ya wazee inayouma magoti miaka yote. Hii huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo, hapewi dawa, koo lapoa, watu wasahau. Wiki mbili tatu zikipita, homa hupanda na goti huvimba. Kesho maumivu yamehamia kiwiko. Viungo hupona. Moyo ndio unaobaki na jeraha: milango yake haifungi sawasawa, na mtoto huhema akipanda mlima kwenda shule.

Wengine husema ni baridi ya Julai. Sivyo. Vijidudu vya koo hupita toka mtoto hata mtoto wakilala wengi chumba kimoja, kama tunavyojua sana sisi tuliokaa landhi. Na kukata kimio hakuzuii neno.

Mkimwuguza nyumbani, kiungo kilichovimba kisichuliwe. Kiwekeeni kitambaa laini chini, blanketi lisikilemee. Akihema, aegemezwe mito. Akivimba miguu, chumvi ipunguzwe. Asichote maji wala kubeba kuni mpaka daktari aseme. Apige mswaki kila siku, maana meno mabovu hupeleka vijidudu moyoni. Akishindwa kulala kwa kuhema, rudini hospitali usiku ule ule, msingoje asubuhi.

Liko jambo ambalo hata walimu wengi hawalijui. Mtoto aweza kuanza kuangusha vikombe, mikono ikimcheza, mwandiko ukaharibika, akalia bila sababu. Huchapwa kwa utundu. Ni maradhi yale yale, nayo hupita. Fimbo haina kazi hapo.

Sasa sindano. Ni penisilini, kila wiki 3 au 4, kwa miaka 10 au zaidi. Hata ikiwa kila wiki 4 ni sindano 13 kwa mwaka. Inauma, hatuwafichi. Mwuguzi akiipasha joto chupa mkononi na kuisukuma dawa polepole, maumivu hupungua: mwombeni bila haya. Ikikosekana, homa hurudi, na kila irudipo huzidi kuula moyo. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, hupasua moyo, lakini nani apendaye kufika huko kwa sababu ya sindano?

Mei 2018 mkutano wa afya wa dunia huko Geneva ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu. Vema. Lakini azimio halidungi mtoto. Dawa lazima iwemo zahanati.

Baba mmoja wa huku alinyimwa ruhusa na bwana wake mara mbili, sindano mbili zikapita. Kwa hiyo twaleta hoja mbele ya kamati: mzazi mwenye kadi ya sindano apewe siku moja kila wiki 4, bila kukatwa mshahara. Wenye kadi za watoto wajiandikishe kwa katibu baada ya chai, tupate hesabu ya kwenda nayo mezani.