Kumtafuta Mwanachama Aliyehama

Mazungumzo kwa wajumbe wa bodi na makatibu wa vyama vya msingi, Bariadi



Katika madaftari ya wanachama ya vyama vya msingi vya Simiyu yamo majina ambayo wenyewe hawaonekani tena mkutanoni. Wengine wamefariki. Wengine walihama na ng'ombe wao kufuata malisho na mashamba, wakaelekea Rukwa na Katavi, Usangu, bonde la Kilombero, hata Lindi. Hisa zao zimebaki chamani, nazo si sadaka, ni amana.

Siku hizi katibu akiulizwa kama mtu wa namna hiyo ametafutwa, hujibu upesi kwamba jina lilitiwa katika simu, katika injini ya kutafutia kama Google, wala halikutoka kitu. Jibu hilo lahitaji kupimwa kabla ya jina kufutwa.

Injini ya kutafutia haiwaoni watu. Inazo programu zinazopita katika kurasa za intaneti na kuyapanga maneno yake katika faharasa kubwa, mithili ya ile iliyo mwisho wa kitabu. Ikiulizwa neno, huonyesha kurasa zenye neno hilo. Mtu ambaye hakuandikwa na yeyote katika ukurasa ulio wazi hatatokea, ingawa yu hai, analima na kufuga. Kutotokea kwa jina si cheti cha kifo.

Kuna pia jambo la tahajia, na hapa ndipo kazi nyingi hupotea bure. Karani wa zamani aliandika alivyosikia. Ng'wandu wa daftari moja ni Mwandu wa kitambulisho cha taifa na Ngwandu wa orodha ya kijiji. Nkwabi aweza kuwa Mkwabi. Kwa hiyo yafaa kwanza kuandika kwenye karatasi namna zote za jina, kisha kutafuta moja baada ya nyingine. Jina kamili likifungwa ndani ya alama za usemi, injini hulitafuta maneno yake yakiwa pamoja, isilete Masanja wa huku na Mabula wa kule.

Mahali napo pana historia yake. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Aliyehama Bariadi kabla ya hapo alijitambulisha kuwa mtu wa Shinyanga, na wa Busega alikuwa mtu wa Magu, mkoani Mwanza. Itilima ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi. Atakayetafuta kwa neno Simiyu peke yake atawakosa wote hao. Tena vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Mwanachama wa siku zile aweza kuwa katika daftari lenye jina jingine la chama.

Mara nyingi mzee haonekani, bali mwanawe huonekana. Orodha za waitwao kwenye usaili, zinazotolewa na Sekretarieti ya Ajira, huwa na majina ya vijana pamoja na ya baba zao. Hukumu za mahakama zilizowekwa TanzLII hutaja wadaawa wa mashauri ya ardhi na mirathi, na humo hata marehemu hutajwa.

Jina likipatikana, kazi ndiyo kwanza imeanza. Nani hajapata ule ujumbe wa kuambiwa pesa ile aitume kwenye namba hii? Ikisikika kwamba chama kinawatafuta wenye hisa, watatokea akina Masanja wasiohesabika. Kwa hiyo tangazo lisitaje kiasi cha fedha. Anayejitokeza aulizwe namba ya kadi yake, nani alikuwa mwenyekiti alipojiunga, na nani alikuwa jirani yake shambani. Kama ni mrithi, alete hati za mirathi.

Vyama vingine, kwa nia njema, husambaza orodha nzima ya wanachama katika makundi ya WhatsApp, pamoja na namba za simu na za vitambulisho. Hilo halifai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwanachama alitoa namba yake kwa ajili ya malipo ya pamba, si kwa ajili ya wapitao.

Pamoja na hayo, barua kwa mtendaji wa kijiji alikohamia mtu, tangazo la redio, na kuulizana msibani bado vina nguvu. Ndugu wa mbali hurudi kuzika, na hapo hujulikana nani yuko Mpanda na nani amevuka Ruaha.

Katika daftari na iongezwe safu moja: tarehe ya kutafuta, tahajia zilizotumika, walioulizwa, na jibu lao, ili katibu ajaye asianze upya. Ni vema safu hiyo ijazwe kabla ya msimu wa ununuzi, maana mizani ikishafunguliwa hakuna katibu mwenye nafasi ya kushika kalamu kwa kazi nyingine.